Nyasi za Nyuma ya Jiko

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, hakuweza kuona jani limeota uani akanyamaza. Tangu kiharusi kimnyang'anye miguu, alikuwa akishinda kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango wa jiko, macho yakizunguka uwanja mzima, na akiona kitu cha kijani ambacho si mboga, ananiita. Hakuniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama wafanyavyo watu wenye adabu zao. Aliniita "weye". Weye, kuna majani kule. Weye, unataka nyoka aniume? Basi nachukua jembe, nakwangua, huku nikisema moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Katika kambi yetu ya Panda, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba mjini Likasi, uwanja safi ni uwanja mwekundu, mtupu, wenye mistari ya ufagio. Mwanamke anayeacha nyasi mlangoni pake watu humwona mvivu au mchawi, na mimi nilikuwa na matatizo ya kutosha bila kuongeza hayo.

Sasa fikiria siku niliyomwambia kwamba sisi kina mama wa parokia tunakwenda kupanda nyasi. Kupanda, ndiyo, kwa mikono yetu na kwa hiari yetu. Alinitazama kama anayetaka kujua homa imenianzia wapi. Kisha akauliza kama mihogo imekwisha duniani.

Hatukuwa na wazimu. Tulikuwa na hofu. Nyuma ya mstari wetu wa nyumba, ule wa mwisho kabisa, ilisimama digi. Ndivyo tulivyouita ukuta mrefu wa udongo, mrefu kupita paa zetu, ambao Wabelgiji waliujengesha zamani ili kuzuia matope ya kiwanda. Upande wa pili matope hayo yalikuwa yamejaa miaka na miaka, laini kama unga, ya kijivu yenye ukijani kidogo. Wakati wa kiangazi yalikauka, na upepo ukayaleta hadi ndani ya sufuria. Mvua zikianza yalirudi kuwa uji. Enzi za kazi, kampuni ilikuwa na watu wa kuitunza digi: waliziba nyufa, walizibua mifereji, walikata vichaka. Halafu mishahara ikakatika, king'ora cha asubuhi kikanyamaza, wale watu wakaenda kutafuta chakula kama kila mtu, na digi ikaachiwa mvua. Kila mwaka maji yaliichimba mgongoni. Korongo moja, pana kiasi cha mtu kuingia na kikapu chake, lilikuwa linateremka moja kwa moja kuelekea chumba cha mama mkwe.

Sisi wengine tungeweza kukimbia. Mimi na wanangu tungekimbia, majirani wangekimbia. Yeye asingeweza hata kuvuka kizingiti bila kubebwa. Digi ikikatika mvua ikinyesha, watu wazima wawili wangehitajika kumtoa, na mara nyingi nyumbani nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikuwa Kapolowe, analima mahindi, kwa sababu kiwandani hakukuwa tena na kitu zaidi ya milango. Mdogo wake, shemeji yangu, aliishi nasi, lakini alishinda machimboni Kamatanda, anachimba madini kwa mkono pamoja na vijana wengine, na hicho alichokipata huko ndicho kilichotulisha. Mara ngapi nilimsihi yule mama tumhamishie Kapolowe! Alikuwa na jibu moja tu.

"Minye nilizalia batoto yangu yote mu hii nyumba. Matope haitanifukuza."

Basi, kama mtu hahami, itabidi ukuta usihame. Huo ndio ulikuwa mpango wetu wote.

Mwaka wa kwanza tulipanda vibaya. Tulikwenda kuomba nyasi kwenye bustani za nyumba za wakubwa, zile nyasi nene za kulalia, tukazichomeka kwenye digi kwa mbwembwe na nyimbo. Hazikumaliza hata mwezi. Ziligeuka njano, kisha kahawia, kisha upepo ukazichukua. Kilichostawi chini ya digi ni yale majani marefu yenye maua ya njano kama alizeti, ambayo zamani watu waliyapanda kama ua la uzuri, nayo yakatoroka. Hayo hayashiki udongo. Yanasongamana tu, yanaua kila kinachotaka kuota chini yake, na mvua inapita katikati yake inavyotaka.

Aliyetuonyesha njia ni agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyewahi kufanya kazi kwenye bustani za kampuni, mtu mpole, mwenye suruali zenye pasi hata wakati hakuna aliyemlipa. Alitueleza kwamba udongo ule umejaa shaba, na nyasi za bustani zinakufa kwa sababu hazijazoea. Tukachukue nyasi za vilima vya shaba vyenyewe, alisema, zile fupi, ngumu, zilizoota pale tangu babu wa babu zetu. Zimekwisha kunywa hiyo sumu, haiishangazi tena mizizi yake. Akatufundisha kukata matuta ya kulala, si ya kushuka, ili maji yapumzike kabla ya kuteremka. Akatufundisha kutia mavi ya kuku katika kila shimo, na kuyafyeka yale majani ya maua ya njano kabla hayajatoa mbegu, tena na tena, bila huruma, mpaka yachoke. Kisha naye akachoka kukaa na njaa, akahamia Kapolowe kulima. Simlaumu. Ila laiti angengoja mpaka tuvune mbegu.

Tulivuna mwanzoni mwa kiangazi, Kamatanda, kwenye kilima ambacho bado kilikuwa na ngozi yake. Shemeji ndiye aliyetuongoza. Njia nzima alikuwa akitucheka: wenzake wanabeba mawe, yeye leo anasindikiza kina mama wanaobeba majani ya mbuzi. Tulikata kila kilichosimama kikiwa na kichwa kikavu, tukajaza magunia. Tuling'oa pia mashina machache yenye mizizi, tukayapanda juu kabisa ya digi. Mbegu tulizileta uani kwangu, tukazitandaza kwenye maturubai zikauke vizuri.

Hapo ndipo mama mkwe alipoamka. Aliuangalia ule uchafu uani kwake, vijiti, manyoya, maganda, vumbi, akakunja uso. Hakuwahi kuunga mkono habari ya nyasi, lakini kuona wanawake wazima wanataka kupanda mbegu chafu, hilo lilimshinda. Akaomba lungo, ule ungo wetu wa kupepetea. Jamani, yule mama alijua kupepeta! Miguu ilikuwa imekufa lakini mikono ilikuwa ya msichana. Alipepeta zile mbegu kama anavyopepeta ulezi: anarusha, anadaka, anatikisa ubavuni, anapuliza kidogo kwa mdomo, vyepesi vinaruka nje, vizito vinabaki ndani ya ungo. Siku kadhaa alikaa na kazi hiyo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kumwona na furaha. Mwishowe akatukabidhi mfuko mdogo wa mbegu nyeusi, nzito, safi, zinazoteleza vidoleni. Makapi yote, lundo zima, akaniamuru niyafagie na kuyatupa nyuma ya jiko. Niliyafagia.

Mvua za kwanza zilipokuja tulipanda. Sehemu ya chini ya digi, pale juu ya nyumba yetu lilipo lile korongo, tuliipa mbegu safi za mama mkwe, kwa sababu ndipo palipotutisha zaidi. Ziliota haraka mno. Majirani walikuja kutupongeza. Mimi nilikuwa najisikia kama mtu aliyezaa.

Wakati huohuo nyuma ya jiko nyasi zikaanza kuota. Weye, kuna majani kule! Nikakwangua. Juma lililofuata zilikuwa zimerudi, nyembamba, ngumu, zimeshika udongo hata jembe linagoma. Nikakwangua tena. Mama mkwe akasema mkono wangu ni mvivu, haufiki kwenye mizizi. Tulirushiana maneno mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Akili yangu ilikuwa kwenye digi, sikuuliza zile nyasi zimetoka wapi.

Agronomu alikuja mwezi wa pili, ameleta unga aliotumwa na mume wangu. Nilimpandisha kwenye digi kwa maringo. Juu, ile mistari ya mashina yenye mizizi ilikuwa imeshika vizuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akateremka mpaka kwenye ile sehemu ya mbegu, akainama, akachuma jani moja, akalisugua, akanusa. Akaanza kucheka. Akaniuliza nani alisafisha mbegu, na kwa nini. Nikamweleza habari ya lungo. Alicheka mpaka akashika magoti, kisha akatazama chini kwenye paa la nyumba yangu, kisha upande wa Kamatanda, na kicheko kikamkauka.

Mbegu za nyasi, alisema, ni nyepesi, zina manyoya, upepo unazibeba. Ukizipepeta kama ulezi, zote zinaruka nje ya ungo. Kilichobaki ndani, kile kizito na kizuri, kilikuwa mbegu za mmea mwingine tuliokuwa tumeukata pamoja na nyasi bila kuangalia. Ulikuwa ua la mukuba, yaani ua la shaba.

Mtu wa Likasi nikimwambia ua la mukuba hahitaji maelezo. Ni ua dogo la zambarau linalopenda udongo wenye shaba, na wachimbaji wanalifuata kama mbwa anavyofuata moshi wa nyama. Wakiliona limetapakaa mahali, wanajua chini kuna kitu, wanapiga bara ya chuma, ule mtaimbo wao, ardhini siku hiyohiyo. Nasi tulikuwa tumelipanda, kwa mavi ya kuku na kwa nyimbo, kwenye ukuta uliozuia matope yasimfunike mama yetu. Tena ukuta wenyewe ulijengwa kwa udongo uliotoka machimboni enzi za zamani, kwa hiyo mtu angeweza kabisa kufikiri kwamba ndani yake kuna mawe ya maana. Mimea ilikuwa imeshaanza kutoa vichwa. Na mchimbaji mmoja alikuwa analala ndani ya nyumba yangu.

Agronomu alisema mambo mawili: tung'oe kabla hayajachanua, na kila shimo tutakaloacha tulijaze na kulikanyaga, maana mvua kubwa zilikuwa bado. Kisha akapanda baiskeli yake, barabara ya Kapolowe ni ndefu.

Mama mkwe sikumwambia kitu. Nilimezea. Sijui kama ilikuwa huruma au niliogopa tu maneno yake.

Tulianza kung'oa kesho yake, mchana kweupe, tukijifanya tunapalilia. Eneo lilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka. Tulipomaliza kona moja, kona nyingine ilikuwa imefumua zambarau. Mvua ilinyesha kila alasiri, udongo ukashika miguu. Tuliogopa kuyaacha maua njiani watu wakayaona, kwa hiyo tukayatia kwenye magunia na kuyatumbukiza kwenye shimo la choo. Tulijiona wajanja kweli.

Alituona mkubwa wa kundi la shemeji, kijana mwenye mabega ya mlango na viatu vya plastiki. Alikuwa akipita njia yake, akaona wanawake wanang'oa ua la mukuba kwa haraka, wanalificha guniani, wanageuka nyuma kutazama. Huo ndio upumbavu wetu. Labda angeyaona maua tu angepita, angesema ni vumbi la kiwanda limeyaleta. Lakini watu hawafichi kitu kisicho na thamani. Alinisogelea taratibu, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotaka.

"Mama, munaficha nini?"

Nilimwambia ni magugu. Akatabasamu.

Walikuja asubuhi iliyofuata na bara zao na makoleo. Walinzi waliokuwa bado wanakaa kwenye kibanda cha lango la kiwanda walipewa chao, wakageuza migongo. Shimo walilianzisha ndani ya lile korongo, kwa sababu pale maji yalikuwa yameshawafanyia nusu ya kazi. Nilisimama uani kwangu nikasikia bara inavyogonga, dup, dup, juu ya paa letu. Na katikati yao, amevua shati, shemeji.

Alipoteremka kula nilimfungia njia jikoni. Nilimwambia kila kitu, habari ya ungo, habari ya mbegu, nikamwapia kwa Bikira Maria kwamba chini ya yale maua hakuna shaba, kuna mama yake. Alisikiliza huku akinawa mikono. Alisema nimechelewa kubuni hadithi nzuri. Alisema ua la mukuba halidanganyi, watu ndio wanaodanganya. Kisha akasema jambo lililoniuma kwa kuwa lilikuwa kweli: kwamba tangu mshahara wa kaka yake ukatike, kila sahani iliyowekwa mezani pale ilitoka shimoni, na wakati ninapokula sijawahi kuuliza shimo liko wapi. Nilimchukia siku ile, nasema wazi, nilimchukia huku nikimpakulia bukari, ugali wetu.

Mvua ikaja usiku na ikashinda na siku iliyofuata. Asubuhi ile hakuna aliyechimba. Ilipopungua nilipanda kuangalia. Shimo lilikuwa limejaa maji hadi mdomoni. Sikushtuka sana, nikateremka kuzunguka mguu wa digi, na hapo ndipo nilipoona unyevu. Kijito chembamba kama mkia wa panya kilikuwa kinatoka udongoni na kuelekea ukuta wa chumba cha mama mkwe. Kwetu maji ya mvua ni mekundu. Haya yalikuwa ya kijivu yenye ukijani, rangi ya yale matope ya kiwanda.

Nilikimbia. Niliingia jikoni nimelowa, nikaita majirani, nikamwambia mama mkwe tunamtoa sasa hivi, tunampeleka barabarani, mambo ya kubishana yamekwisha. Akauliza kwa nini. Nikapasuka. Yote niliyokuwa nimeyameza yakatoka kwa kelele: digi inavuja, mwanao ameitoboa, ameitoboa kwa sababu ya maua, na maua ni ya kwako, ulizitupa mbegu ukatuachia uchafu, na mbegu zenyewe ziko nyuma ya jiko na kila siku unaniamuru nizikwangue!

Aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake walikuwa wameshafika, wamesimama mlangoni na maji yanawachuruzika, na kule juu, kwa vile mvua ilikuwa imepungua, bara ilianza tena kugonga. Mama mkwe akainua kidevu.

"Munibebe na kiti yangu. Si ku barabara. Kule yulu."

Tulidhani hakuelewa. Alikuwa ameelewa. Tulimpandisha wanawake wanne, tukiteleza, tukishika kiti kwa miguu na kwa mgongo, yeye amejifunga kitenge kichwani kama anayekwenda misa. Njia nzima hakuguna. Wanaume walikuwa wakichota maji shimoni kwa ndoo ili waendelee kushuka. Tulimweka pale alipotaka, ukingoni kabisa, mpaka miguu ya kiti ikazama kwenye udongo uliolegea. Nilijaribu kumfunika na mwavuli, akausukuma.

Shemeji alikuwa ndani ya shimo, maji magotini. Aliinua macho akamwona mama yake juu yake.

"Weye njo fundi ya kuchimba," mama akamwambia, wala hakupaza sauti. "Basi chimba. Anza hapa, chini ya kiti yangu."

Niwaeleze wasiowajua wachimbaji wetu: mtu anaweza kuingia shimoni akiwa mlevi, akiwa na njaa, akiwa hajasali. Lakini akiwa amekosana na mama yake haingii, na wenzake hawamruhusu, kwa sababu wanaamini ardhi itamfungia ndani pamoja na kila aliye karibu naye. Nilimwona mkubwa wao akirudi nyuma hatua, kisha nyingine. Mmoja akatoka shimoni, akachukua shati lake. Shemeji alibaki amesimama, maji yanamchezea magoti, mdomo wazi kama mtoto aliyeitwa katikati ya wizi.

Akaniambia mimi, si mama yake, kwa sauti ndogo, kwamba waliona mawe. Nikamwambia anionyeshe. Akainama, akapapasa chini ya maji, akaleta kiganja kizima. Kilikuwa udongo mwekundu na changarawe. Alikipangusa kwa kidole gumba mara kadhaa, akitafuta rangi ya kijani ya mawe ya shaba, kisha akakiachia.

Mama mkwe alisema hashuki mpaka shimo lijae. Na mvua ikarudi. Hapo hakukuwa tena na wachimbaji wala kina mama wa parokia. Watu walibeba udongo wa mfinyanzi kwa magunia, kwa mabeseni, kwa makarai ya jikoni. Wanaume wa kundi wakashindilia kwa bara zilezile walizotobolea. Mkubwa wao alifanya kazi kama punda, lazima niseme haki yake. Sikuwa naondoa macho kwenye kile kijito chini. Kilinenepa kwanza, mpaka nikaanza kusali kwa sauti. Baadaye kikaanza kusita, kikakatika, kikarudi, na jioni kilikuwa kimegeuka rangi. Kilikuwa chekundu. Nilikaa kwenye matope nikalia bila aibu. Yule mama alikuwa bado juu, kitenge kimemgandia kichwani, anatetemeka, anamwelekeza mwanawe kwa kidole pale ambapo hajakanyaga vizuri.

Shemeji ndiye aliyemteremsha, mgongoni. Sikusikia waliongea nini.

Usiku ule homa ikamshika, ikashuka kifuani. Hospitali ilikuwa na vitanda, dawa unajiletea mwenyewe, tulileta tulichopata. Alikataa kulala huko, tukamrudisha kwenye chumba chake. Udongo mpya wa digi ulikuwa bado uchi, na mvua za mwezi wa nne hazina adabu. Asubuhi moja nikasikia jembe nyuma ya jiko. Nilitoka nikamkuta shemeji amepiga magoti, anakata zile nyasi kwa vipande, mizizi na udongo wake, anavipanga kwenye beseni taratibu kama mtu anayepanga mayai. Alikuwa anazipeleka juu, kwenye kiraka. Hakuna aliyemtuma.

Mama mkwe alisikia jembe kutoka kitandani. Nikajua kitakachofuata, nikajiandaa: majani, nyoka, uvivu. Akaniita.

"Weye. Mwambie asimalize yote. Aache ya mbegu."

Maneno yale nilimpelekea shemeji kama nilivyoyapokea. Aliacha kipande kirefu kando ya ukuta wa jiko.

Mama mkwe alifariki kabla mvua hazijakatika. Digi ilisimama. Mume wangu alifika kutoka Kapolowe, na siku hiyohiyo uwanja ukajaa watu wa msiba. Kwetu, mtu akifa, wanawake wa ukoo wanaofika mapema hushika majembe kwanza, wanakwangua uwanja wote uwe mtupu, ili waombolezaji wapate pa kukaa na marehemu asiaibike. Mashangazi wa mume wangu hawakupoteza wakati. Walisafisha mbele, wakasafisha ubavuni, wakazunguka nyuma ya jiko, na yule mkubwa wao akaona zile nyasi, zimefika magotini, zimetoa manyoya. Nilimsikia akiuliza kwa nguvu, watu wote wasikie, ni mke gani huyu anayemwacha mama mkwe wake kufia katikati ya pori. Akainua jembe.

Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya maji, nikaanza kuitua. Shemeji alitoka kati ya wanaume waliokaa, akapita, akasimama ndani ya zile nyasi na kutandaza mikono yake miwili.

"Hapa hapana," akamwambia shangazi yake. "Mama alisema tuache ya mbegu."